Mstari wa Februari, mstari wa Agosti

Shangazi yangu ana daftari la kliniki. Ni daftari la kawaida la shule, jalada la buluu, amelizungushia nailoni mara mbili ili lisilowe akiwa kwenye feri. Kila Jumanne ya kliniki nesi huandika humo tarehe, presha, sukari, dawa, kisha herufi tatu ambazo kila mgonjwa wa hospitali ya serikali hapa Kenya anazifahamu hata kama hajui kirefu chake: TCA. Maana yake, rudi tena siku fulani.

Nina picha ya ukurasa mmoja wa daftari hilo kwenye simu yangu. Mstari mmoja umeandikwa 18/2/2020. Sukari 9.4, si nzuri lakini si ya kulilia. TCA 17/3/2020. Mstari unaofuata, wino mwingine na mwandiko mwingine, ni wa 11/8/2020. Mahali pa sukari hapana namba. Pana herufi mbili tu, HI. Ndivyo ile mashine ndogo ya kupimia inavyoonyesha sukari ikipita 33. Ikifika hapo haihesabu tena, inakwambia tu kwamba imepanda, basi.

Kati ya mistari hiyo miwili hapakurukwa nafasi. Nesi wa Agosti alianzia palepale alipoishia mwenzake wa Februari. Ukilitazama daftari bila kusoma tarehe utadhani mgonjwa alikuja Jumanne hii, akaja na Jumanne ile. Katika upenyo huo ndimo ulimopotelea mguu wa shangazi.

Nikisema shangazi aliumizwa na korona, watu huniuliza kama alilazwa kwa oksijeni. Hakulazwa kwa oksijeni. Alipimwa kabla ya kuingizwa thieta, hakuwa nayo, na tangu hapo hajawahi kuonyesha dalili. Aliyepata korona ni mimi, kifua kizima, na leo natembea kwa miguu yangu miwili. Yeye hakuguswa na kirusi, na mguu umekatwa chini ya goti. Baba yangu na yeye ni tumbo moja. Sukari iko kwenye ukoo wetu, na mimi mwenyewe naambiwa niwe mwangalifu. Kwa hiyo sioni kama ni mambo ya damu.

Kwa asiyeijua Mombasa: mji wenyewe ni kisiwa, na Likoni iko ng'ambo ya kusini. Mwaka 2020 njia ya kwenda mjini ilikuwa feri, hakuna nyingine ya karibu, na kwa siku ya kawaida walivuka zaidi ya watu 300,000. Mtu wa miguu halipi. Likoni ina hospitali yake na zahanati zake, sitaki kuzidharau, lakini kliniki ya sukari ya shangazi ilikuwa kisiwani kwa sababu huko ndiko alikogunduliwa miaka hiyo na huko ndiko lilikobaki faili lake. Hospitali yenyewe siitaji. Kisa hiki kingeweza kutokea popote mwaka ule.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi, waziri wa afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Jumapili tukaambiwa shule zinafungwa. Jumanne, tarehe 17, shangazi akavuka feri kama daftari lilivyomwagiza. Akakuta mlinzi getini na meza imewekwa njiani. Kliniki zimesimama, wanaingia wa dharura peke yao, wengine watapigiwa simu. Akauliza dawa je? Akaambiwa watapigiwa simu.

Hakupigiwa. Miezi mingi baadaye tuligundua kwamba namba iliyokuwa kwenye faili ni ya binti yake, aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani mwaka mmoja kabla, na laini ile ilikwishakufa. Huenda mtu alipiga kweli. Huenda alipiga mara tano. Sijui kwa nini jambo hili linaniuma kuliko mengine yote.

Uamuzi wenyewe wa kufunga kliniki ulikuwa na akili. Mgonjwa wa sukari akishikwa na korona hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima wa afya, na kumkalisha kwenye benchi na watu 80 wanaokohoa ni kumtia mdomoni mwa mamba. Lakini agizo la kubaki nyumbani linakwenda kukutana na nyumba. Mimi nilibaki nyumbani Bamburi, kwenye fleti yenye tangi la maji juu ya paa, geti, na chupa ya sanitaiza kando ya ngazi. Ofisi yetu ni ya uwakala wa mizigo ya bandarini. Aprili tukapewa kompyuta za mkononi tukaambiwa kila mtu afanyie kazi kwake. Kwa wiki mbili za mwanzo, nikiwa mkweli, nilifurahia.

Shangazi amepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja na bafu moja uani. Vyumba sita ni familia sita. Kuepukana mita moja katika ukumbi ule haiwezekani hata kwa watu wawili wanaopishana na ndoo. Mwanasiasa mmoja wa mtaa alileta ndoo ya plastiki yenye bomba, ikawekwa mlangoni juu ya kigoda, na picha zikapigwa. Maji ya kuijaza yalikuwa ya kisima cha pale nyuma, na maji ya kisima cha pale ni ya chumvi. Wa Pwani wataelewa. Sabuni ya kipande kwenye maji ya chumvi haitoi povu. Unasugua, unasugua, inageuka utando mweupe unaoganda kwenye vidole, na watoto, ambao walikuwa wamefundishwa kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa mara mbili wakinawa, walimaliza nyimbo zote mikono ikiwa na utelezi. Baada ya siku chache wakaiacha ndoo. Maji matamu yalikuja kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni akapandisha mtungi wa lita 20 kutoka shilingi 20 hadi 30, kwa sababu na yeye alikuwa na watoto ambao shule ilikuwa imewarudisha nyumbani kula mchana.

Kila alasiri waziri alisimama kwenye televisheni na kutusomea namba, kisha akatukumbusha kwamba tusipotii tutajilaumu wenyewe. Nilikuwa nikimwamini. Nilikuwa nikiona watu wakirundikana sokoni Kongowea nikisema, lakini watu hawa wanataka nini?

Shangazi alikuwa akiuza viazi karai na bajia barazani, kuanzia magharibi mpaka kama saa tatu ya usiku. Hiyo ndiyo saa ya biashara hiyo, watu wanaporudi kazini. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyemfukuza wala kumnyang'anya karai. Saa yake ya kuuza iliondolewa kwenye siku, hivyo tu.

Siku hiyohiyo ya kwanza maelfu ya watu walikuwa wamejazana kivukoni Likoni tangu alasiri wakikimbizana na saa moja. Polisi wakawarushia vitoa machozi, wakawapiga. Video zilizunguka dunia. Mimi nilitazama kwenye simu nikiwa kitandani: watu wamelazwa chini kwa makundi, wengine wanakohoa na kujifuta macho kwa mikono ileile waliyoambiwa wasijiguse nayo usoni. Siku tatu baadaye huko Kiamaiko, Nairobi, risasi ya polisi ikamuua Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, akiwa kwenye roshani ya kwao wakati wa kafyu. Huko Likoni, anavyosimulia shangazi, tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutoka usiku hata kwa uchungu wa mtoto. Nairobi daktari mmoja, Jemimah Kariuki, aliona wajawazito wanakosa usafiri saa za kafyu, akaanzisha mpango wa magari ya bure ya kuwafikisha hospitali. Nilisoma habari yake nikamwombea dua. Pia nilijiuliza inakuwaje mpaka daktari ageuke mtafutaji wa teksi.

Basi insulini. Chupa moja kwenye kemisti ya mtaani ilikuwa shilingi 650. Kliniki alikuwa akiipata kwa bei nyepesi kuliko hiyo, na mara nyingine bure, inapokuwapo. Vile vijiti vya kupimia sukari, kikasha cha 50, vilikuwa 1,800, kwa hiyo hivyo aliacha mara moja, mashine ikabaki kwenye kabati kama redio isiyo na betri. Friji hana. Insulini huihifadhi kwa njia aliyofundishwa na nesi mmoja mzee: nyungu mbili, ndogo ndani ya kubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Inafanya kazi, ukitia mkono ndani unahisi baridi kama ya pango. Mwaka ule neno nyungu lilikuwa limepata kazi nyingine. Upepo ulivuma kutoka Tanzania, watu wakawa wanachemsha mwarobaini na malimau na kujifukiza chini ya shuka, na jirani mmoja alikuja kumwomba shangazi amwazime nyungu zake. Akamwambia, “Hizi zina mgonjwa ndani.”

Akaanza kupunguza dozi. Hakumwambia mtu. Hesabu yake aliniambia mwaka uliofuata, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi ya kukata kitambaa: nikila kidogo, sukari itakuwa kidogo, basi na dawa iwe kidogo. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha muhogo, sindano nusu. Usiku akilala bila kula, hachomi. Chupa ya mwezi ikafika miezi miwili na siku kadhaa. Anajua kusoma, anajua kupika kwa watu mia mbili bila kupima chumvi, na hesabu ile ingekuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa sukari.

Na mimi? Mimi nilikuwa natuma pesa. Machi hiyo Safaricom iliondoa ada ya kutuma M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na mimi nikawa mtu wa 1,000. Kila Ijumaa, baada ya sala, elfu kwa shangazi, elfu kwa nyanya wa Mtongwe, elfu kwa fundi wangu wa nguo ambaye hakuwa na kazi. Nilikuwa na orodha na nilijiona mwema. Sikuwahi kuuliza ile elfu inafanya nini. Nyumba yenye wajukuu watatu, pesa ya dawa ikipita mlangoni haiwi ya dawa tena. Ilikuwa unga, ilikuwa maji ya mkokoteni, ilikuwa bando la intaneti kwa ajili ya mjukuu wa darasa la nane aliyetumiwa masomo kwenye WhatsApp. Nikipiga simu namuuliza, “Shangazi, u hali gani?” Ananijibu, “Salama, mwanangu, twashukuru.” Nami naridhika.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi, nauli. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba wanane, na nauli ikapanda karibu mara mbili kufidia viti vitupu. Ningeweza kwenda kumwona. Nilikuwa na gari. Nilijiambia nisije nikampelekea ugonjwa, na hiyo ilikuwa kweli, na pia ilikuwa rahisi.

Kidonda kilianza Juni. Ukanda wa ndara ulimchubua katikati ya vidole vya mguu wa kulia. Mtu mwenye sukari ya muda mrefu mishipa ya fahamu ya nyayo hufa ganzi, kwa hiyo hakusikia kitu. Aliona damu kwenye ndara. Akakosha kwa maji ya chumvi yaleyale. Akafungua kapsuli ya rangi mbili akanyunyiza unga wake juu, kama watu wote wafanyavyo, akafunga kitambaa. Kikakauka juu, ndani kikaendelea na safari yake. Kliniki, kabla ya korona, kila walipokwenda walivuliwa viatu. Ni jambo dogo: nesi anainama, anatazama kati ya vidole, anagusa kwa ncha ya kalamu, anauliza unasikia? Mwezi wa Aprili, Mei, Juni na Julai hakuna aliyeinama.

Aliyekuja kugundua ni mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa kujitolea anayezunguka nyumba kwa nyumba. Miezi yote hiyo walikuwa wameambiwa wasiingie majumbani, wasimame mlangoni, na wengi wao hata barakoa walijinunulia. Agosti alisimama mlangoni, akasikia harufu, akaingia. Nikikutana naye hadi leo sijui nimwambie nini. Alimpakia kwenye bodaboda mpaka feri, akavuka naye, na getini kwa mlinzi, shangazi anasema, alipiga kelele mpaka wakafunguliwa. Ndio ule mstari wa 11/8/2020.

Walijaribu kuuokoa kwa siku sita.

Kadi ya NHIF, bima ya afya ya serikali, ilikuwa imelala tangu Aprili. Mchango wa mtu asiye na ajira ulikuwa shilingi 500 kwa mwezi, na mtu anayegawa chupa ya insulini hana 500 ya kulipia ugonjwa ambao bado haujafika. Tukafungua kundi la WhatsApp la mchango, tukaweka picha yake ya harusi ya mwaka 2011, akiwa na leso kichwani na miguu miwili. Pesa zilipatikana, watu wetu ni wepesi wa kutoa. Lakini nilikaa nikihesabu: tulikusanya kwa siku tatu pesa za kumkata mguu ambazo zingemnunulia insulini ya miaka minne.

Kisha ikaja Desemba. Kidonda cha mkato kilikuwa bado kinahitaji kusafishwa na kufungwa, na manesi wakaingia kwenye mgomo, madaktari wakawafuata wiki mbili baadaye. Jamaa zangu walikasirika. Mimi sikuweza. Mwezi huohuo alikufa daktari Stephen Mogusu, miaka 28, aliyekuwa akihudumu kaunti ya Machakos. Korona ilimuua akiwa na miezi mitano bila mshahara na bila bima ya afya. Wakati huo magazeti yalikuwa yamejaa habari za zabuni za vifaa vya korona pale KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, mamilioni kwa kampuni ambazo hazikujulikana zilitoka wapi. Shangazi mwenyewe, akiwa amelala na bendeji ya siku nne, alisema manesi wana haki. Tulimlipa nesi mstaafu wa mtaani 300 kila anapokuja. Jirani yake mwenye kidonda kama chake hakuwa na wa kumlipia, akasubiri mgomo uishe.

Ilikuwa ni msimu wa kusubiri. Mwanzoni mwa 2021, dawa za ARV zilizotolewa na Marekani zilikwama katika bandari yetu hii ya Mombasa kwa sababu ya mvutano wa kodi na nani azisambaze. Kazi yangu ni mizigo, kwa hiyo nilijua kontena linavyoonekana likikaa, namba zinavyoongezeka kila siku kwenye ankara ya kuhifadhi. Watu wa kupewa dawa za miezi mitatu wakawa wanapewa za mwezi, wengine wiki kadhaa. Kutoka zilipo dawa hadi vituo vya Likoni ni mwendo wa feri moja.

Daraja la kuelea la Liwatoni nalo lilikuja msimu huo. Lilijengwa kwa sababu ya korona hasa, kupunguza msongamano wa feri. Watu wakaanza kulitumia tarehe 1 Januari 2021. Lilikuwa la waenda kwa miguu peke yao, na ukihesabu na njia zake za kuingilia ulitembea zaidi ya kilomita moja. Siku ya kwanza nilimpeleka shangazi kulitazama kutoka upande wa Ras Bofu, kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Watu walikuwa wakipita kwa mamia, upepo mzuri, vijana wanajipiga picha. Akalitazama sana. Akasema, “Zuri. La wenye miguu.” Kisha akacheka hadi akashika ubavu, na mimi nikacheka kwa sababu yeye alicheka.

Zamu yangu ilifika Machi 2021, katika wimbi la tatu. Siku ya nne ya homa nikanunua kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni, nikawa nakitazama kila nusu saa kama mtu anayesubiri ujumbe. Kiliposoma 89 mume wangu akanitia garini. Hospitali ya binafsi, kadi ya bima ya ofisi, hakuna aliyeniuliza pesa. Oksijeni ilitoka kwenye bomba la ukutani. Nilikaa siku tano. Watafiti walikuwa wamehesabu vitanda vya wagonjwa mahututi nchi nzima wakapata 537, na kaunti zilizokuwa na hata kimoja ni 22 kati ya 47. Mimi sikufika kuhitaji hicho, lakini nilijua kwamba ningehitaji, kuna mtu angepiga simu mahali, na mtu huyo angekuwa bosi wangu.

Hata kifaa changu kile cha kidoleni, nilikuja kujua baadaye, hakimsomi kila mtu sawa. Madaktari wa Michigan walionyesha Desemba 2020 kwamba kwa wagonjwa weusi kinashindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kwa hiyo ile 89 yangu huenda ilikuwa chini zaidi. Nilipomwambia shangazi, aliuliza kama ile mashine ya sukari nayo ni hivyo. Nikamwambia hiyo haitazami rangi. “Inatazama mfuko,” akasema.

Chanjo ilipokuja tulikuwa tena kwenye foleni ya feri, safari hii nchi nzima. Dozi za kwanza, milioni moja na kidogo za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, zilitua Nairobi mapema Machi 2021. Zilitengenezwa India, na India ilipowaka moto mwezi huo ikazuia kusafirisha nje, ikabidi dozi ya pili Kenya isogezwe hadi wiki 12, na wengi wakangoja kupita hapo. India na Afrika Kusini walikuwa wameomba katika Shirika la Biashara Duniani, tangu Oktoba 2020, kwamba hakimiliki za chanjo zilegezwe kwa muda ili kila anayeweza atengeneze. Wakaja kujibiwa Juni 2022, na nusu ya walichoomba, wakati chanjo zilishaanza kukosa watu wa kuchanjwa. Kufikia mwisho wa 2021 aliyekuwa amechanjwa kikamilifu Afrika hakufika mmoja kati ya kumi, na nchi tajiri walikuwa kwenye sindano ya tatu. Hapa kwetu kampuni moja ya binafsi ilikuwa imeingiza Sputnik V ya Kirusi kwa wenye pesa zao. Aprili serikali ikapiga marufuku chanjo za binafsi. Wapo waliolaumu. Mimi niliona ni mara ya kwanza mwaka ule mtu kusema kwamba foleni iwe moja.

Shangazi alikuwa na miaka 61, yaani katika kundi la kwanza la wazee. Kujiandikisha ilikuwa kwa intaneti. Nilimwandikisha mimi, kwa simu yangu, nikiwa kitandani bado nakohoa, na safari hii nikaweka namba yangu.

Kenya ilihesabu vifo vya korona zaidi ya 5,600, na pengine ni vingi kuliko hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 na 2021 dunia ilipoteza watu milioni 14.9 zaidi ya ambao wangekufa kwa kawaida, na ndani yake wamo waliokosa matibabu ya magonjwa mengine. Hesabu hiyo naiheshimu, imejaribu kuwaona wa upenyoni. Miguu hakuna aliyeihesabu, wala macho yaliyopofuka kwa sukari, wala mimba zilizoharibika usiku wa kafyu.

Leo NHIF haipo, ni SHA, tangu Oktoba 2024. Mtu asiye na mshahara analipa angalau 300 kwa mwezi, lakini anatakiwa aitoe ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600. Viazi karai vimerudi barazani, anakaanga akiwa amekaa, na mjukuu ndiye anayepeleka sahani. Mwaka jana 3,600 tulilipa mimi na ndugu zangu. Anapenda kunikumbusha kwamba sasa nauliza elfu yangu inafanya nini. Nauliza kweli. Nimekuwa kero.

Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki mwenyewe. Nesi alikuwa mpya, msichana mdogo mwenye adabu, alikuwa akijaza fomu kwenye kompyuta. Akamvua kiatu cha mguu wa kushoto, akainama, akatazama kati ya vidole, akagusa kwa ncha ya kalamu. “Wasikia, mama?” “Nasikia, mwanangu.” Halafu akauliza, “Na huu wa kulia uliukosa lini?”

Shangazi hakujibu kwa mdomo. Siku hizi ana daftari la tatu, lakini lile la kwanza hutembea nalo ndani ya mkoba. Akafungua nailoni, mara mbili, akapekua mpaka kwenye ukurasa, akaweka ukucha kwenye upenyo wa mistari miwili.

“Hapa.”

Nesi akasogea, akatazama chini ya ukucha, akatazama tena. Kisha akasoma mstari wa chini na kuandika, Agosti 2020.